Madawati, Mayai na Mizani: Utajuaje Kama Kampuni Kubwa Imeiweka Jamii Ndani ya Biashara Yake?

Katika kipindi chetu cha asubuhi kuna swali ambalo halikauki. Msikilizaji anapiga simu au anatuma ujumbe, anaeleza kwamba karibu na kijiji chao kuna mgodi, au shamba kubwa, au kiwanda. Anakiri kwamba kampuni imejenga darasa, imeleta madawati, pengine imechimba na kisima. Halafu anauliza: mbona maisha yetu hayafanani na utajiri unaopita hapa kila siku kwenye malori?

Swali hilo halijibiki kwa dakika tatu za hewani kabla ya taarifa ya habari. Ndiyo maana tumeliandikia makala hii. Isome taratibu kwenye simu yako, na kama kuna mzee au jirani ambaye macho yanamsumbua, msomee.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: usiitazame kampuni siku ya kukabidhi hundi. Itazame mahali inapopata pesa na mahali inapotumia pesa. Huko ndiko utakapojua kama jamii imo ndani ya mpango wa biashara, au imeachwa mlangoni ikisubiri msaada.

Msaada ni kitu kimoja, mpango ni kitu kingine

Jambo hili kwa Kiswahili huitwa uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Kwenye vikao vya halmashauri wengi husema kwa mkato: fedha za CSR.

Wataalamu wenyewe wamebishana kwa miaka mingi. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake, mradi isivunje kanuni za mchezo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, Michael Porter na Mark Kramer wakaandika kinyume chake: kampuni inaweza kujipatia faida kwa njia ambayo inaiinua jamii inayoizunguka, na vitu hivyo viwili vipangwe pamoja tangu mwanzo.

Tuliweke jambo hili kijijini. Kuna mtu anayepika, anakula na familia yake, wakishashiba ndipo anampelekea jirani kilichobaki. Akishukuriwa, anashukuriwa kwa haki. Lakini siku chakula kikiwa kidogo, jirani halali na kitu. Na kuna mwingine ambaye anapopima unga, jirani tayari yumo kwenye hesabu, kwa sababu ndiye wanayelima naye shamba moja. Huyo akimnyima jirani, kesho shamba lake halilimwi.

Kampuni ya kwanza inatoa msaada. Ya pili imeiingiza jamii kwenye mkakati wake.

Kampuni kubwa huwa na mpango wa miaka kadhaa. Ndani yake kuna mambo ya kuzalisha kiasi gani, kuajiri nani, kununua wapi, na hatari zipi za kujikinga nazo. Jamii ikiwa imo kwenye mpango huo, utaona dalili tatu. Kwanza, kuna bajeti inayojulikana kabla ya mwaka kuanza. Pili, kuna kiongozi mwenye madaraka anayebanwa kwa jambo hilo, wala siyo ofisa uhusiano peke yake. Tatu, kuna lengo linalopimika, na meneja akishindwa kulifikia anaulizwa, kama anavyoulizwa uzalishaji ukishuka.

Mbu hajui uzio: habari ya Obuasi

Tuvuke hadi Ghana, tutarudi nyumbani. Kule kuna mji unaitwa Obuasi, wenye mgodi wa dhahabu wa zaidi ya miaka 100. Mmiliki wake ni AngloGold Ashanti, kampuni ileile inayomiliki mgodi wa Geita hapa Tanzania.

Katikati ya miaka ya 2000, hospitali ya mgodi huo ilikuwa ikipokea wagonjwa wa malaria wapatao 6,800 kwa mwezi. Kati yao, kama 2,500 walikuwa wafanyakazi wa mgodi, na mgodi mzima ulikuwa na wafanyakazi wapatao 8,000. Dawa peke yake ziligharimu takriban dola 55,000 kila mwezi. Ongeza zamu zinazokosa watu na mitambo inayosimama kwa sababu dereva amelazwa.

Kampuni ingeweza kufanya kama zifanyavyo nyingi: kugawa vyandarua siku moja, kupiga picha na kuondoka. Lakini wahasibu na madaktari waliiona hesabu kwa pamoja. Mfanyakazi anaumwa na mbu nyumbani kwake usiku, na mbu hajui wapi uzio wa mgodi unaishia. Ukipulizia dawa nyumba za wafanyakazi peke yake, mbu atatoka kwa jirani.

Basi wakaamua kupulizia dawa ya ukoko ndani ya nyumba za mji mzima na vijiji vya jirani, za wafanyakazi na zisizo zao. Waliajiri na kufundisha vijana wa hapohapo kufanya kazi hiyo. Ndani ya miaka miwili hivi, wagonjwa wa malaria katika hospitali hiyo walipungua kwa karibu robo tatu.

Angalia ni nini kilitokea. Mama asiye na mtu mgodini, anayeuza mihogo sokoni, naye alipuliziwa nyumba. Hakupewa hisani. Alikuwa sehemu ya hesabu.

Lipo na la pili la kujifunza. Mwaka 2014 mgodi huo ulipata hali mbaya, shughuli zikapunguzwa sana na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Ungekuwa msaada wa kawaida, ungekufa siku hiyo. Lakini kazi ya malaria ilikuwa imekwishaunganishwa na mpango wa taifa wa Ghana na kupata fedha za Mfuko wa Dunia, ikapanuliwa hadi wilaya nyingine, na upuliziaji ukaendelea. Kipimo kizuri cha mpango ni kuuliza kama unavuka mwaka mbaya.

Hatuwezi kuisimulia Obuasi kwa upande mmoja. Mwaka 2011 mashirika ya kiraia nchini Uswisi yaliipa kampuni hiyohiyo tuzo ya aibu, yakidai kwamba uchimbaji ulikuwa umechafua maji na ardhi ya watu wa Obuasi. Mji uleule, kampuni ileile. Kwa hiyo, kampuni inapofanya vizuri kwenye malaria, swali la maji linabaki palepale. Jema moja halifuti deni jingine.

Muwa haungoji: somo la Kilombero

Sasa turudi nyumbani, mkoani Morogoro. Kiwanda cha Sukari Kilombero kipo kati ya vijiji vya wakulima wa miwa, na serikali inamiliki asilimia 25 ya hisa zake. Kiwanda kina mashamba yake, lakini hayatoshi kukijaza. Kinategemea pia miwa ya wakulima wa nje, yaani wakulima wadogo wanaolima mashamba yao wenyewe na kuuza kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS.

Muwa una tabia yake. Ukishakatwa, sukari iliyomo ndani huanza kupungua, kwa hiyo unatakiwa kufika kiwandani mapema. Haiwezekani kuutoa mkoa wa mbali kama unavyosafirisha mahindi. Kiwanda cha sukari hakichagui majirani. Majirani ndio ghala lake.

Mradi wa upanuzi wa kiwanda hicho, ulioanza mwaka 2021, ulilenga kuongeza sukari kutoka tani zipatazo 127,000 hadi karibu tani 271,000 kwa mwaka. Lengo kama hilo halitimii bila wakulima wadogo kuongeza miwa. Hapo barabara ya shambani, mbegu bora, mafunzo na malipo ya wakati havihesabiki kama hisani. Kiwanda kikiviacha, mitambo ya mabilioni inakosa cha kusaga.

Lakini hapohapo ndipo pa kuwa macho. Mkulima wa muwa analipwa kwa uzito na kwa kiwango cha sukari kilichomo ndani ya muwa wake. Mizani iko kwa mnunuzi, na kipimo cha utamu kiko kwa mnunuzi. Mkulima asipoelewa namna kipimo kinavyofanyika, au chama chake kisipokuwa na mtu wa kushuhudia, kampuni inaweza kujenga zahanati nzuri sana na bado mkulima akalala na wasiwasi kwamba ameibiwa. Tunasema wasiwasi, hatusema wizi, kwa sababu mara nyingi kinachovunja uhusiano ni kutojua.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mnunuzi wa zao lako, liwe muwa, tumbaku, pamba, chai au maziwa, ameiweka jamii kwenye mkakati, anzia kwenye mizani. Je, inakaguliwa na Wakala wa Vipimo? Je, chama chenu kinaruhusiwa kuwa na mwakilishi pale? Je, mkulima anapewa karatasi inayoonyesha uzito, daraja na makato? Je, malipo yanaingia ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba? Madawati hayajibu hata swali moja kati ya hayo.

Simu iliyo mkononi mwako

Mfano mwingine unao mfukoni. M-Pesa ilianza kama jaribio nchini Kenya mwaka 2005, kwa fedha ambazo sehemu yake ilitoka kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza wa kuwasaidia watu wasiofikiwa na benki, na sehemu nyingine ikatoka kampuni ya Vodafone yenyewe. Wazo la awali lilikuwa dogo: wakopaji warejeshe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaonyesha wanachokitaka zaidi, kutumiana pesa. Mwezi Machi 2007 Safaricom ikaizindua rasmi Kenya, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania kupitia Vodacom.

Lengo la kijamii likageuka biashara yenyewe, na leo huduma hiyo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mapato ya Safaricom. Hakuna anayehitaji kuiombea bajeti ya huruma. Lakini malalamiko ya makato yapo hadi leo, na ni ya haki kuulizwa. Huduma kuwa na manufaa hakumaanishi kwamba bei yake haijadiliwi.

Hesabu ya mayai

Sasa tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Chukua kambi ya kampuni inayolisha watu 1,000 kila siku, na kila mmoja anakula yai moja asubuhi. Kwa mwaka ni mayai 365,000, yaani trei zipatazo 12,167. Tukikadiria trei moja shilingi 9,000, hiyo ni shilingi milioni 109 na ushee kila mwaka. Ni mayai tu, hatujagusa mchele, nyanya, vitunguu, kuku wala sare za wafanyakazi.

Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Kwa hesabu hiyo, mayai ya kambi moja ni zaidi ya madarasa matano kwa mwaka. Na siyo mwaka mmoja. Ni kila mwaka kambi ikiwapo.

Ni kweli kwamba yote hayo si faida. Mfugaji atanunua chakula cha kuku, dawa na usafiri. Lakini ni pesa inayozunguka kijijini: kwa muuza mashudu, kwa bodaboda, kwa fundi anayejenga banda. Mayai hayo yakitoka mbali kwa lori, darasa likabaki peke yake, kijiji kimepata kidogo kuliko ambacho kingeweza kupata.

Kwa nini kampuni hununua mbali? Mara nyingine ni uzembe, lakini mara nyingi ni sababu za kweli. Inataka mayai ya ubora uleule kila wiki, inataka risiti, inataka mtu mwenye namba ya mlipakodi na akaunti ya benki, na inalipa baada ya siku 30 au zaidi. Mfugaji wa kuku 50 hawezi peke yake. Kampuni iliyoiweka jamii kwenye mkakati hugawanya zabuni ziwe ndogo, huwafundisha wazabuni wa jirani, huwalipa mapema. Na jamii iliyo makini huunda kikundi, hukisajili, na kuhakikisha mayai hayakosekani wiki ya tatu baada ya kupata zabuni. Hapa mzigo una pande mbili.

Sheria ya Tanzania inasema nini

Kwenye madini, Tanzania haikuliacha jambo hili kwenye hiari. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliingiza kifungu cha 105. Kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya eneo husika, na mpango huo uzingatie mazingira, jamii, uchumi na utamaduni kwa kufuata vipaumbele vya halmashauri yenyewe. Halmashauri nayo imepewa kazi: kuandaa miongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaeleza wananchi miradi iliyomo. Tafadhali kumbuka hilo la mwisho. Kukuelezwa siyo fadhila, ni wajibu wa halmashauri kwa sheria.

Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. India, kwa sheria ya makampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni kubwa kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao ya miaka mitatu kwa mambo ya jamii. Kwa njia hiyo kiasi kinajulikana. Njia yetu inatoa nafasi ya kukubaliana, na kwa hiyo nguvu yake inategemea sana nani amekaa mezani na amejiandaa vipi.

Tumegundua pia kwamba wasikilizaji wengi wanachanganya mifuko. Tuitenganishe.

Mrabaha ni malipo ya mwenye mgodi kwa serikali kuu kwa sababu madini ni mali ya taifa. Kwa dhahabu, mwaka 2017 kiwango kilipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6.

Ushuru wa huduma unalipwa kwa halmashauri, na hukokotolewa kwenye mauzo. Huu unaingia kwenye bajeti ya halmashauri, na diwani wako ana sauti juu yake.

Fedha za uwajibikaji kwa jamii ni zile za mpango wa kila mwaka tuliousema.

Fidia ni haki ya aliyechukuliwa ardhi, nyumba au mazao. Haiwezi kulipwa kwa darasa. Ukidai fidia ukaambiwa "lakini tumewajengea shule", umejibiwa swali ambalo hukuuliza.

Ajira na ununuzi navyo vina kanuni zake. Sheria inamtaka mwenye leseni atoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Lakini soma vizuri: inasema Watanzania. Mzabuni kutoka Mwanza au Dar es Salaam naye ni Mtanzania. Kama kijiji kinataka nafasi kwa watu wake, hilo lisemwe na kuandikwa wakati wa kujadili mpango, siyo baada ya zabuni kutoka.

Pale mpango unapobaki kwenye karatasi

Mwezi Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliupiga mgodi wa North Mara, Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusu uchafuzi uliotokana na bwawa la topesumu. Mwezi Julai mwaka huo matumizi ya bwawa hilo yakazuiwa. Baadaye mwaka huohuo Barrick ilichukua umiliki wote wa kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi huo, na Januari 2020 ikatia saini makubaliano na serikali. Ikaundwa kampuni ya pamoja ya Twiga, ambamo serikali ina asilimia 16.

Hatuitaji habari hii kumlaumu mtu leo. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha mpangilio wa mambo. Bwawa la taka siyo kazi ya ofisi ya mahusiano na jamii. Ni la wahandisi, na bajeti yake ni ya uzalishaji. Uwajibikaji wa kwanza wa kampuni kwa jirani ni kutomdhuru, na hilo hufanyika ndani ya uzio, mahali ambapo hakuna sherehe. Kampuni ikitenga pesa ya visima huku ikibana pesa ya bwawa, imeanza kwa mguu usio sahihi.

Kisha kuna siku ya kufunga. Mgodi una umri. Golden Pride, Nzega, mmoja wa migodi mikubwa ya kwanza ya kisasa ya dhahabu nchini, ulianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na ulifungwa kama muongo mmoja na nusu baadaye. Buzwagi, Kahama, ulianza mwaka 2009 na kufikia 2021 uzalishaji ulikuwa umekoma. Mtoto aliyezaliwa Buzwagi mgodi ukifunguliwa alikuwa hajamaliza shule ya msingi kambi ilipoanza kuvunjwa.

Buzwagi kuna jitihada ya kuligeuza eneo kuwa la viwanda, kwa kutumia umeme, majengo na uwanja wa ndege vilivyoachwa, na Barrick imefungua hapo chuo cha kufundisha wafanyakazi wake. Itachukua miaka kujua matunda yake. Lakini funzo ni kwamba swali la "mkiondoka itakuwaje?" linaulizwa mgodi unapofunguliwa, pesa ikiwapo. Sheria nayo inataka mpango wa kufunga mgodi uandaliwe mapema. Zahanati iliyojengwa bila makubaliano ya nani atalipa muuguzi na dawa, siku kampuni ikiondoka inakuwa ghala la popo.

Maswali ya kwenda nayo mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Huna haja ya kualikwa kwa barua. Chukua maswali haya, yaandike kwenye daftari au uyahifadhi kwenye simu:

1. Mpango wa mwaka huu wa uwajibikaji kwa jamii wa kampuni hii uko wapi, na kijiji chetu kimo kwa miradi ipi?

2. Vipaumbele hivyo viliamuliwa kwenye kikao gani, na muhtasari wake tunaweza kuuona?

3. Kila mradi umegharimu kiasi gani, na nani alithibitisha kwamba bei za saruji, mabati na usafiri ni za soko letu?

4. Mradi ukikamilika, nani atauendesha na kwa fedha ipi?

5. Ni watu wangapi wa kijiji hiki wameajiriwa, kwa kazi zipi, na nafasi mpya zinatangazwa wapi?

6. Kampuni inanunua nini ambacho sisi tunazalisha au tunaweza kuzalisha, na masharti yake ni yapi?

7. Maji yetu yanapimwa na nani, mara ngapi, na matokeo yanabandikwa wapi?

8. Nikiwa na malalamiko, napeleka kwa nani, na nitajibiwa ndani ya siku ngapi?

Swali la tatu lina historia. Mkoani Geita, ambako mpango wa mgodi na halmashauri umekuwa wa mabilioni ya shilingi kwa mwaka, viongozi na wananchi wamewahi kuhoji bei za vifaa vilivyohesabiwa kwenye miradi. Bilioni moja kwenye karatasi siyo lazima iwe bilioni moja kwenye ukuta.

Uliza kwa adabu, na uulize pande zote. Mara nyingine kampuni imetoa fedha na mradi umekwama halmashauri. Mara nyingine halmashauri imefanya kazi yake, na sisi kijijini tumegombania kiwanja hadi mwaka ukaisha. Ukiuliza mmoja tu, utarudi nyumbani na nusu ya habari.

Na kama jibu la swali la sita ni mayai, usiishie kupiga makofi. Muulize mwenyekiti kikundi kitaandikishwa lini, nani ana banda, nani ana namba ya mlipakodi. Kampuni inapoandaa bajeti ya mwaka ujao, jina la kikundi chenu liwe limeshafika mezani. Baada ya hapo, kulitoa ni kazi ngumu kuliko kuliweka.

Wiki ijayo katika kipindi cha asubuhi tutaendelea na sehemu ya mkataba kati ya mkulima na mnunuzi: mambo gani yaandikwe kabla ya kutia dole gumba. Ukienda mkutanoni kabla ya hapo, tupe jibu ulilopata, hata kama ni kwamba mpango haukuonekana. Hilo nalo ni jibu.